Dawa Iliyogeuka Ugonjwa: Historia Fupi ya Kihariri Matini Kilichopungua Kasi

Utangulizi

Katika maabara za kompyuta za vyuo vyetu kuna lalamiko moja linalosikika mara kwa mara: "Tangu waweke toleo jipya, mashine imekuwa nzito." Anayelalamika aghalabu huwa ameshatoa hukumu. Mmoja husema ni virusi. Mwingine husema kompyuta imezeeka. Wa tatu hudai kuwa watengenezaji wanataka tu tununue mashine nyingine. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza: ni kitu gani hasa kilichopungua kasi, kwa kiasi gani, na tangu lini?

Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya tukio moja la aina hiyo. Tukio lenyewe linahusu kihariri matini kiitwacho Vim, baada ya toleo lake la 7.4 kutolewa mwezi Agosti 2013. Tumekichagua kisa hiki kwa sababu tatu. Kwanza, chanzo chake ni namna ya kutafuta ruwaza katika matini, jambo ambalo mwalimu wa mofolojia hulifanya kila siku kwa chaki na ubao. Pili, uchunguzi wake uliacha kumbukumbu zilizo wazi, hivyo tunaweza kuufuata hatua kwa hatua. Tatu, programu hii ina uhusiano na Uganda ambao wengi wetu hatuufahamu. Hoja yetu ni kwamba kipimo hutangulia dawa, na kwamba dawa isiyoandikiwa sababu yake huweza kuja kuwa ugonjwa.

Kabla ya kuendelea tufafanue istilahi moja. Kihariri matini ni programu ya kuandikia na kurekebisha herufi tupu, bila mapambo ya kurasa, aina za hati wala picha. Waandishi wa programu hukitumia kuandikia msimbo. Hata hivyo, kinawafaa pia watu wa lugha, hasa wanaoandaa orodha za maneno, vidahizo vya kamusi au kopasi, kwa sababu kinaweza kufungua faili lenye maelfu ya mistari na kutafuta ndani yake kwa haraka.

Chimbuko la Vim na uhusiano wake na Uganda

Babu wa Vim ni kihariri kiitwacho vi, ambacho Bill Joy alianza kukiandika mwaka 1976 akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani. Mwaka 1988 Mholanzi mmoja, Bram Moolenaar, alitaka kutumia kihariri cha aina hiyo katika kompyuta yake ya Amiga. Alichukua programu ndogo iliyokuwa ikiiga vi, akaanza kuirekebisha na kuiongezea mambo. Toleo la kwanza kwa watu wote lilitoka mwaka 1991. Jina Vim mwanzoni lilimaanisha kuwa ni mwigo wa vi. Baadaye, nyongeza zilipokuwa nyingi, maana yake ikabadilishwa kuwa vi iliyoboreshwa.

Katika miaka ya 1990 Moolenaar alifanya kazi ya kujitolea kwa mwaka mmoja katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda. Tusichanganye mahali hapo na Wilaya ya Kibaale iliyoko magharibi. Kibaale tunayoizungumzia ni mji mdogo wa eneo la Rakai, karibu na mpaka wa Tanzania, sehemu iliyoathiriwa vibaya na UKIMWI na kuachiwa mayatima wengi. Aliporudi kwao alisaidia kuanzisha asasi ya kuchangia kituo hicho, iitwayo ICCF Holland. Vim yenyewe ikaendelea kutolewa bure, lakini anayeipenda akaombwa awachangie watoto wa Kibaale. Hadi leo, mtu akiifungua Vim bila kutaja faili, huona ujumbe mfupi unaomwomba awasaidie watoto maskini wa Uganda. Kwa hiyo jina la Uganda limekuwa likisomwa kwenye vioo vya kompyuta duniani kote na watu ambao pengine hawajui kitu kingine chochote kuhusu nchi hii.

Jambo jingine linalotuhusu ni kwamba toleo la 7.0, lililotoka mwezi Mei 2006, lilileta uwezo wa kukagua tahajia. Miongoni mwa lugha zilizoandaliwa orodha za maneno kwa kazi hiyo zimo Kiswahili na Kinyarwanda. Vim, basi, haiko mbali nasi kama inavyoweza kudhaniwa.

Njia mbili za kutafuta ruwaza

Ili tuelewe kilichotokea mwaka 2013, ni lazima tuelewe kwanza kompyuta inatafutaje ruwaza. Tuchukue neno tunalolijua: "alimwaga". Tuseme tumemwagiza mwanafunzi alisome herufi moja baada ya nyingine, kutoka kushoto kwenda kulia, na atueleze limejengwaje.

Akifika "alim-" anakuwa kwenye njia panda. Huenda ni kiambishi "a-" na mzizi "-lim-", kama katika "alime". Huenda pia ni "a-" ya nafsi, "-li-" ya wakati uliopita, kisha herufi "m" inayoanzisha kitu kingine. Tena, akiifuata njia hii ya pili, anakuta njia panda nyingine. "Alimwaga" yaweza kuwa "a-li-mwag-a", yaani alimwaga maji, au "a-li-mw-ag-a", yaani alimuaga mtu.

Mwanafunzi wa kwanza hushika njia moja na kuifuata. Akigonga ukuta, hurudi hadi kwenye njia panda ya mwisho na kujaribu njia nyingine. Ataanza na mzizi "-lim-", akwame kwenye "w", arudi nyuma, achukue "-li-" na kuendelea. Hii tuiite njia ya kurudi nyuma. Ni rahisi, haihitaji kukumbuka mengi, na kwa maneno mengi hufika haraka.

Mwanafunzi wa pili hafanyi hivyo. Akifika njia panda huweka kokoto kwenye kila njia. Kila anaposoma herufi mpya husogeza kokoto zote pamoja, na kokoto ambayo njia yake imeziba huiondoa. Hii tuiite njia ya sambamba. Kila herufi husomwa mara moja tu, hakuna kurudi mwanzo. Hata hivyo, kwa kila herufi kuna kokoto nyingi za kusogeza.

Ipi ni bora? Jibu linategemea ruwaza yenyewe. Kwa ruwaza zenye vipengele vingi vya hiari, njia ya kurudi nyuma inaweza kuingia katika balaa, maana kila njia panda mpya huzidisha njia za kujaribu mara mbili: 2, 4, 8, 16, na kuendelea. Mwaka 2007 Russ Cox alichapisha makala iliyoonyesha jambo hili kwa mfano. Ruwaza moja aliyoichagua makusudi iliichukua lugha ya Perl, inayotumia njia ya kurudi nyuma, zaidi ya sekunde 60 kuilinganisha na mfuatano wa herufi 29 tu. Njia ya sambamba ilimaliza kazi hiyo hiyo kwa mikrosekunde 20, yaani sehemu 20 za sekunde iliyogawanywa mara milioni moja.

Hapa historia inatufundisha jambo. Njia ya sambamba haikubuniwa majuzi. Ken Thompson aliichapisha mwaka 1968, naye aliitumia katika kihariri matini cha zama hizo kilichoitwa QED. Kwa upande mwingine, msimbo wa kurudi nyuma ambao Vim ilikuwa ikiutumia ulitokana na kazi ya Henry Spencer ya mwaka 1986. Kwa hiyo "injini mpya" iliyoingizwa katika Vim mwaka 2013 ilitokana na wazo lenye umri mkubwa zaidi kuliko msimbo wa "injini ya zamani". Neno "mpya" katika jina la toleo lolote halitwambii wazo lilizaliwa lini. Hutwambia tu lini lilitufikia.

Toleo la 7.4 na malalamiko yaliyofuata

Injini mpya iliingizwa katika Vim mwezi Mei 2013, kisha ikafikishwa kwa watumiaji wa kawaida katika toleo la 7.4 tarehe 10 Agosti 2013. Sababu iliyoandikwa na wasanifu wake ni kwamba upakaji rangi wa sintaksia ulikuwa wa polepole.

Upakaji rangi ni nini? Mtu anapofungua faili la msimbo, kihariri hutenga aina za maneno kwa rangi. Maneno ya amri huwa na rangi moja, maandishi yaliyo ndani ya alama za kunukuu rangi nyingine, na maelezo ya pembeni rangi nyingine tena. Ni kama mwalimu anayepigia mstari nomino kwa kalamu nyekundu na vitenzi kwa kalamu ya buluu. Kazi hiyo hufanywa kwa ruwaza nyingi zinazojaribiwa katika kila mstari unaoonekana kwenye kioo. Ruwaza zikiwa nzito, kihariri kizima huwa kizito.

Basi wasanifu walileta injini mpya ili kuongeza kasi, na katika mafaili mengi kasi iliongezeka kweli. Lakini baadhi ya watumiaji waliona kinyume chake. Waliolalamika zaidi walikuwa waandishi wa Ruby, lugha ya programu iliyobuniwa nchini Japani. Walipobonyeza kitufe cha kushuka chini, kishale kilibaki nyuma, kikasitasita, kisha kikaruka mistari kadhaa kwa pamoja. Hali ilikuwa mbaya zaidi kwa waliokuwa wamewasha namba za mistari zinazohesabiwa kutoka pale kishale kilipo, au mstari wa rangi unaofuata kishale. Mipangilio hiyo hulazimisha kioo kichorwe upya kila kishale kinaposogea.

Wepesi wa kulaumu ulikuwepo huko pia. Wapo waliorudi toleo la 7.3, na wapo waliozima rangi zote, ingawa rangi zenyewe ndizo zilizokuwa msaada wao wa kila siku.

Uchunguzi ulivyofanywa

Waliofika kwenye chanzo walifuata utaratibu ambao tunaona unafaa kufundishwa. Tunauweka hapa kwa hatua tano.

Hatua ya kwanza ni kuueleza ugonjwa kwa usahihi. Kusema "Vim ni nzito" hakusaidii. Uzito uko wapi: wakati wa kufungua programu, wakati wa kufungua faili, wakati wa kuandika, au wakati wa kusogeza kishale? Je, unatokea katika kila faili au katika mafaili ya aina moja? Jibu lilikuwa kwamba uzito ulitokea wakati wa kusogeza kishale katika faili lenye rangi, hasa la Ruby. Jibu hilo peke yake linapunguza washukiwa, kwa sababu diski au kumbukumbu ya kompyuta isingeweza kuchagua lugha moja ya programu na kuiacha nyingine.

Hatua ya pili ni kukifungua kihariri kikiwa kitupu. Amri "vim -u NONE" huifungua Vim bila mipangilio ya mtumiaji na bila programu-jalizi, yaani vile viprogramu vidogo vinavyoongezewa kihariri. Kikiwa chepesi namna hiyo, tatizo limo katika vitu vilivyoongezwa juu yake. Kikibaki kizito, tatizo liko ndani zaidi.

Hatua ya tatu ni kugawa nusu kwa nusu. Mwenye programu-jalizi 16 hana haja ya kuzijaribu moja moja. Azime nane. Uzito ukiondoka, mshukiwa yumo katika hizo nane. Usipoondoka, yumo katika zilizobaki. Azigawe tena zipatikane nne, kisha mbili, kisha moja. Kwa majaribio manne amempata, mradi mshukiwa ni mmoja.

Hatua ya nne ni kupima. Vim ina kipimo cha muda wa kuanza, kiitwacho "--startuptime", kinachoandika kila faili lililosomwa na muda uliotumika. Kwa tatizo la rangi kulikuwa na kipimo kingine, ":syntime", kilichoongezwa mwaka huo huo wa 2013 wakati injini mpya ikitengenezwa. Mtumiaji huwasha kipimo, huchora upya kioo mara kadhaa, kisha huomba taarifa. Taarifa hiyo huonyesha, kwa kila ruwaza, jumla ya muda, mara ngapi imejaribiwa, mara ngapi imefanikiwa, na jaribio lake lililochukua muda mrefu kuliko yote. Tuseme ruwaza fulani imejaribiwa mara 5,000 na kufanikiwa mara tatu tu, nayo imekula nusu ya muda wote. Hapo hatuhitaji tena kubahatisha, maana tumemwona mfanyakazi anayelipwa kila siku wala harudi na kitu.

Hatua ya tano ni kubadili jambo moja tu na kupima tena. Wasanifu walikuwa wamefanya jambo la busara, yaani hawakuitupa injini ya zamani. Waliweka chaguo liitwalo "regexpengine", au kwa kifupi "re". Thamani ya 1 hulazimisha injini ya zamani, 2 hulazimisha mpya, na 0 huiachia Vim ijichagulie. Waliokuwa na tatizo la Ruby waliandika "set re=1", wakafungua faili lile lile, wakasogeza kishale kile kile, na uzito ukatoweka. Kwa jaribio hilo moja ilithibitika kuwa mshukiwa ni injini mpya inapokutana na ruwaza za aina fulani.

Ni aina gani? Tukumbuke kokoto zetu. Ruwaza inapokuwa na njia nyingi, kokoto huwa nyingi, na kuzisogeza zote kwa kila herufi kuna gharama hata pale ambapo mwanafunzi wa kwanza angefika moja kwa moja. Aidha, mafaili ya rangi hutumia ruwaza za kutazama nyuma, yaani zinazouliza: "Je, kabla ya neno hili kulikuwa na nini?" Maswali ya namna hiyo ni ghali. Katika toleo la 7.4 liliongezwa pia jambo la kuwasaidia waandishi wa ruwaza hizo, nalo ni uwezo wa kuweka kikomo cha umbali wa kutazama nyuma.

Marekebisho yaliendelea. Mwaka 2014 Vim iliongezewa kanuni kwamba, ikiwa imeachiwa ijichagulie, na injini mpya ikaona hali za kufuatilia, yaani zile kokoto, zimefikia kikomo, basi iiachie kazi injini ya zamani. Kabla ya hapo, ruwaza fulani ziliweza kukifanya kihariri kionekane kimeganda kabisa.

Dawa kugeuka ugonjwa

Kama kisa kingeishia hapo, kingekuwa kisa cha kawaida cha hitilafu na tiba yake. Kilichofuata ndicho kilichotufanya tuandike makala haya.

Mstari "set re=1" ulisambaa. Mtu aliyeuona ukimsaidia aliuandika katika faili lake la mipangilio, ambalo Vim hulisoma kila inapofunguliwa. Rafiki yake akalinakili faili hilo. Mwanafunzi wa rafiki yake naye akalinakili. Wengi hawakuandika kando yake kwamba mstari ule uliwekwa kwa ajili ya Ruby katika toleo la 7.4. Baadhi ya programu-jalizi nazo ziliuweka zenyewe. Matoleo yalisonga mbele hadi 8.0 ya mwaka 2016 na mengine baada yake, lakini mstari ukabaki.

Mwezi Desemba 2019 lilitoka toleo la 8.2. Lilikuja na faili la rangi la TypeScript, lugha ya programu ambayo Microsoft ilikuwa imeitangaza mwaka 2012. Ruwaza za faili hilo zilikuwa nzito kwa injini ya zamani. Waliokuwa na "re=1" walipofungua mafaili ya TypeScript waliona kihariri kikisimama kidogo, kisha ujumbe ukatokea kwamba muda wa kuchora umepita kikomo, na rangi zote zikazimika. Kikomo hicho kwa kawaida ni milisekunde 2,000, yaani sekunde mbili.

Lalamiko likarudi kwa maneno yale yale: "Tangu waweke toleo jipya, kihariri kimekuwa kizito." Dalili ni ile ile na maneno ni yale yale, lakini tiba ilikuwa kinyume kabisa. Ilitosha kuufuta mstari wa zamani, au kuandika "set re=0", na uzito ukaondoka. Toleo jipya halikuwa peke yake lenye lawama. Sehemu kubwa ya ugonjwa ilikuwa ile dawa ya mwaka 2013 iliyokuwa ikiendelea kunywewa na watu waliopona zamani, na hata na watu ambao hawakuwahi kuugua.

Mafunzo kwa walimu na wanafunzi wa lugha

Msomaji anaweza kuuliza: haya yanatuhusu nini sisi wa Kiswahili? Tunadhani yanatuhusu kwa namna tatu.

Kwanza, yanahusu zana zetu. Wengi wetu tunaandaa orodha za maneno na kuzitafuta kwa ruwaza. Tunapoona utafutaji umekuwa mzito, tujiulize kwanza kama ruwaza yenyewe haina njia panda zisizo za lazima. Anayetafuta vitenzi vyote vyenye kiambishi "-li-" asiiambie kompyuta itafute "herufi zozote, kisha li, kisha herufi zozote". Akitaja viambishi vya nafsi vinavyoweza kutangulia, yaani ni, u, a, tu, m na wa, atakuwa ameziba njia nyingi, na atapunguza pia majibu yasiyotakiwa kama "lima" na "malipo". Mofolojia tunayoifundisha darasani ni msaada kwa mashine.

Pili, yanahusu namna tunavyochunguza makosa ya wanafunzi. Mwanafunzi anapoandika "kitabu yangu", wepesi wetu ni kusema kwamba ni athari ya lugha ya kwanza. Huenda ni kweli. Lakini je, anakosea katika ngeli zote au katika moja tu? Anakosea akiandika, akisema, au katika yote mawili? Alianza lini? Mwalimu anayeuliza hivyo kabla ya kutoa zoezi la ziada anafanya kazi ile ile ya kugawa nusu kwa nusu na kupima.

Tatu, na hili ndilo kubwa, yanahusu urithi wa maagizo yasiyo na sababu. Katika idara nyingi zipo kanuni zinazopokewa kutoka kwa mwalimu hadi mwanafunzi, na kutoka kwa mwanafunzi huyo akiwa mwalimu hadi kwa wanafunzi wake: "Neno hili lisitumiwe", "Insha ianze hivi", "Istilahi ile imekataliwa". Ukiuliza kwa nini, huambiwa kwamba ndivyo tulivyofundishwa. Inawezekana kanuni hiyo ilikuwa dawa nzuri ya tatizo la wakati fulani, kwa mfano kabla istilahi haijasanifiwa, au mtihani ulipokuwa na muundo mwingine. Tatizo likaondoka, kanuni ikabaki, nayo sasa inamzuia mwanafunzi mahali ambapo hapakuwa na kizuizi.

Hatusemi kanuni zitupwe. Wasanifu wa Vim hawakuitupa injini ya zamani, nao walifanya vyema, kwa sababu bila hiyo watu wa Ruby wasingekuwa na kimbilio mwaka 2013. Tunachosema ni kwamba kila kanuni iandikiwe sababu na tarehe. Katika faili la mipangilio hilo ni suala la mstari mmoja tu wa maelezo: nimeweka hiki, mwaka huu, kwa sababu hii, na nitakiondoa hali hii ikibadilika. Katika mwongozo wa somo pia ni suala la mstari mmoja.

Hitimisho

Bram Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023, akiwa na umri wa miaka 62. Kazi ya kuitunza Vim imeendelezwa na kundi la watu wanaojitolea, na toleo la 9.1, lililotoka mwezi Januari 2024, walilitoa kwa kumbukumbu yake. Injini zote mbili zimo bado ndani yake, na chaguo la 0, 1 na 2 bado lipo.

Wale watoto wa Kibaale nao hawajasahauliwa. Katika maelezo yanayoambatana na programu hiyo, miongoni mwa washirika wa kituo chao imetajwa asasi ya Kanada iitwayo Kuwasha. Hatuna haja ya kuwatafsiria wasomaji wetu jina hilo.

Tunawaomba wasomaji, hasa wanafunzi wanaoanza utafiti wao mwaka huu, wafanye jambo moja dogo wiki hii. Wafungue faili la mipangilio la programu wanayoitumia, au daftari la maagizo waliyoyarithi kutoka kwa waliowatangulia. Kwenye kila mstari wajiulize: hii ilikuwa dawa ya nini? Mistari watakayoijua sababu waiandikie sababu hiyo. Ile wasiyoijua wasiifute kwa hasira. Wauzime mmoja, wapime, kisha waandike walichokiona.